Nyota ya Mboni Imevimba

Majengo,
Singida.
2 Machi, 1997

Mpendwa kaka Kitwana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto wote, na kwamba joto la Kigoma halijakumaliza. Mguu wako uliovunjika bandarini umeunga sawasawa, au bado unachechemea asubuhi? Wifi alituandikia kuwa umekataa kutembelea mkongojo kwa sababu vijana wa kazini watakucheka. Kaka, umri umekwenda, acha wacheke. Na yule mdogo kikohozi kimemwacha? Mpeni asali na limau, msikimbilie sindano kila siku.

Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunakula na tunalala. Mvua ya mwaka huu imekuwa ya kuchungulia na kukimbia. Mtama wa watu wa Mkiwa umekauka ukiwa haujafika magotini, na bei ya unga nisikuambie. Biashara yangu ya vitunguu inakwenda hivyo hivyo. Idi tulikula vizuri, alhamdulillahi, pilau ya kuku wa kienyeji, na tulikukumbuka tulipofika kwenye paja, maana tangu utoto paja lilikuwa lako hata kama zamu si yako.

Basi kaka, nimekwisha kukujulia hali, sasa kaa kitako. Nakuandikia habari za Mboni, mtoto wa marehemu kaka yetu mkubwa, ambaye wewe ndiye walii wake na mimi ndiye ninayekaa naye hapa nyumbani. Uliridhia posa ya Abdulmajidi, mtoto wa Bi Zabibu, na ndoa ilikuwa ifungwe mwezi huu. Nakuomba uiondoe ridhaa yako. Najua neno hilo ni zito, ndiyo maana nitakueleza yote. Nimekasirika, sikufichi, lakini kuliko hasira nina kinyaa. Chakula kinafika mdomoni kinagoma kushuka.

Shida ilianza kwa Shamte, mtoto wa mama mdogo. Unamjua. Tangu biashara iwe huria hakuna asichokiuza mtu yule. Alianza na mitumba, akaja na kibanda cha video kinachopiga kelele mpaka wagonjwa wakashindwa kulala, akauza na dawa ya kuotesha nywele iliyomnyonyoa mke wake mwenyewe. Watu wanasema ni bidii. Bidii ina haya, huyu hana.

Mwezi uliopita walikuja hapa mjini watu wa elimu kutoka Dar na hema la ajabu. Ni la kitambaa, halina nguzo, linajazwa upepo kwa feni mpaka linasimama mviringo kama sufuria iliyofunikwa. Ndani ni giza tupu, halafu wanawasha mtambo unaoonyesha mbingu nzima juu ya kichwa chako, nyota zote, mchana kweupe. Wanaonyesha pia picha zilizopigwa na darubini ambayo Wamarekani wameirusha, inazunguka huko huko juu ya dunia. Asubuhi waliwaonyesha watoto wa shule bure, na watoto walitoka wakiruka. Shamte akawashawishi wawe wanaonyesha jioni kwa watu wazima. Yeye akatoa uwanja na jenereta, na akasimama mlangoni kupokea kiingilio. Mpaka hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni gari la matangazo. Lilipita mitaa yote na spika imefungwa juu, likipayuka: “Njooni mkaone nyota zenu! Darubini ya angani haifichwi kitu! Nyota yako inang'aa au imefifia? Njoo ujionee mwenyewe!” Sasa wewe unawajua watu wetu. Kwetu binti asipoposwa nyota yake imefifia, duka likikosa wateja nyota imefungwa, na mtu akipata cheo nyota yake imeng'ara. Kwa hiyo watu hawakwenda kuangalia mbingu, walikwenda kutazamiwa. Akina mama walikuja wameshika majina ya watoto wao vichwani, na mzee mmoja alisafiri kutoka Kinampanda kuja kuuliza ng'ombe wake walioibwa wamepelekwa upande gani.

Nilimfuata Shamte nikamwambia anawadanganya watu. Akacheka mpaka jino lake la dhahabu likaonekana. “Dada Hanifa, nyota si ni nyota? Mimi nimesema uongo gani?” Nikatamani kumtemea mate, nikameza.

Nisingekwenda kabisa, lakini Bi Zabibu alitualika, mimi na Mboni, kama wakwe watarajiwa, na mwaliko wa mkwe haukataliwi. Tukaenda. Kaka, hema lile halina mlango wa watu. Lina bomba la kitambaa, unaingia kwa kutambaa, magoti na viganja, kama kenge. Mbele yangu alikuwa Bi Zabibu mwenyewe na buibui lake, na wewe unaujua mwili wa Bi Zabibu. Alikwama katikati, tukamsukuma kutoka nyuma, naye huko ndani anasoma dua. Mahali pa kuweka mikono yangu sikupajua, na mahali nilipoiweka sitapaandika.

Na harufu! Kila mtu alikuwa amevua viatu, basi miguu ya Singida nzima ilikuwa humo, imefungiwa pamoja na moshi wa jenereta na jasho la watu waliobanana. Mtu mmoja alikuwa na ugoro, anautema kwenye kikopo karibu na sikio langu. Nilifunika pua kwa mtandio nikamwambia Mboni tutoke, lakini tayari bomba lilikuwa limejaa watu wanaoingia.

Aliyekuwa anaeleza ni kijana Mnyiramba, anaitwa Melkizedeki, kijana mwenye adabu zake. Alitusalimia shikamoo sote kwa pamoja ndipo akazima taa. Nikuambie kweli, kwa kitambo nilisahau harufu. Alituonyesha mawingu mekundu na ya kijani ambamo nyota huzaliwa, marefu kama nguzo za vumbi la kiangazi. Alituonyesha kipande cha mbingu ambacho kwa macho ni cheusi tu, darubini ikakikodolea macho siku baada ya siku, na ndani yake yakatokea makundi ya nyota yasiyo na idadi. Akasema darubini yenyewe ina ukubwa wa basi, na kwamba mwanzoni kioo chake kilikosewa kunolewa, ikawa haioni vizuri, ikabidi watu wapande huko juu kuivisha miwani. Mboni alinibana mkono kwa furaha. Nikasema subhanallah, na niliisema kwa moyo.

Sasa sikiliza balaa. Unakumbuka kwamba kabla ya posa Bi Zabibu alikwenda kwa maalim wa falaki, akapigiwa hesabu ya majina. Nyota ya Abdulmajidi ikatoka Mizani na ya Mboni ikatoka Jauza, zote za upepo, zinapatana, tukapongezana. Mimi mambo hayo siyafuati sana lakini sikuona ubaya. Basi yule kijana akaonyesha nyota moja kubwa, nyekundu kama kaa la moto. Akasema hii ni picha mpya, ni mara ya kwanza darubini hiyo kupata sura ya nyota yenyewe mbali na jua letu. Jina lake, akasema, limetokana na Kiarabu, ni mkono wa Jauza. Akasema ni nyota iliyozeeka, imevimba mno, na mwisho wake ni kupasuka.

Gizani nikaisikia sauti ya Bi Zabibu. “Lahaula! Jauza imevimba?”

“Ndiyo mama, imevimba sana,” akajibu kijana wa watu, anafurahi kwamba ameulizwa swali.

“Tangu lini?”

“Muda mrefu, mama. Ni sisi tu tumechelewa kuona.”

Kaka, hema zima likageuza shingo upande wetu. Halafu mwanamke mmoja akaguna, mwingine akacheka kwa pua, na Mboni akaniachia mkono. Melkizedeki maskini akaendelea kueleza kwamba mwanga wa nyota hiyo husafiri mamia ya miaka mpaka kutufikia, kwa hiyo huenda imekwisha kupasuka na habari haijafika. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena. Tulipotoka Bi Zabibu hakutuaga.

Kesho yake sokoni maneno yalikuwa yamekwisha kuiva. Nyota imeondolewa, amebaki Mboni. Mboni kavimba. Kavimba muda mrefu, ni watu tu wamechelewa kuona. Wakakumbuka kwamba siku ya Idi alivaa gauni pana, gauni ambalo nilimshonea mimi mwenyewe kwa sababu joto lilikuwa kali. Wakakumbuka kwamba katika Ramadhani alitapika, naye alitapika kwa malaria na zile klorokwini chungu. Mama mmoja ambaye huninunulia vitunguu kila wiki alisimama kwenye meza yangu, akaminya kitunguu kimoja kimoja, macho ameyaelekeza nyuma yangu, tumboni kwa Mboni. Akaniuliza, “Bibi harusi hajambo? Hachagui chakula?” Nikamwambia aondoke na vitunguu nimempa bure, ilimradi nisimwone.

Yule kijana Melkizedeki alipopata habari alikuja mpaka nyumbani, akapiga magoti kabisa kuomba radhi. Akaenda na kwa Bi Zabibu kumweleza kuwa nyota ile haina habari na binti wa mtu yeyote. Alijibiwa, “Mwanangu, umekwisha sema kweli mbele za watu, usirudi nyuma kwa kuonea watu huruma.” Siku ya pili walikunja hema lao wakaenda zao Tabora.

Halafu Bi Zabibu akanitumia wanawake wake. Walikaa kwenye mkeka wangu, wakanywa chai yangu, wakala maandazi yangu mpaka mafuta yakawachuruzika vidoleni, wakafuta vidole kwenye mkeka, ndipo wakasema walichotumwa. Kwamba familia yao ni ya heshima. Kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo kabla ya ndoa Mboni aende hospitali akapimwe mkojo, na mmoja wao amsindikize mpaka chooni ili asibadilishe kikopo. Mpaka chooni, kaka! Mtoto aliyehitimu madrasa, aliyelelewa na marehemu mama yetu, achuchumae mbele ya mwanamke wa mtu kama mbuzi anayekaguliwa mnadani. Nikaiondoa sahani ya maandazi mbele yao.

Nikawaambia jibu ni hapana. Wakanitazama kwa huruma. Wakasema wao walikuja kunipa heshima tu, lakini mwanamume wa upande wetu amekwisha kubali. Mwanamume gani? Shamte! Alikwenda kwa Bi Zabibu bila kutumwa na mtu, akajitia mzee wa familia, akala biriani, akasema apimwe tu, sisi hatuna cha kuficha. Baadaye nilipombana akaniambia, “Dada, mimi nataka jambo liishe. Watu wakigombana na mimi nitafanyaje biashara na akina Abdulmajidi?” Kumbe anachukua marobota ya mitumba kwao. Nimezaliwa na watu wengi kaka, lakini yule simtaki hata aje kunizika.

Nikafikiri Mboni atalia. Hakulia. Alikaa na jambo lake, anachambua vitunguu, mpaka Ijumaa. Baada ya sala akaoga, akavaa, akaniambia, “Shangazi, nisindikize kwa Bi Zabibu. Nakwenda kukubali.” Nilimsindikiza kwa sababu sikuweza kumwacha aende peke yake.

Tuliwakuta sebuleni, Bi Zabibu na wale wanawake wake, na Abdulmajidi mwenyewe, amerudi jana yake kutoka Tunduma ambako huenda kufuata mzigo. Hajawahi kuja kwetu tangu maneno yaanze, hata kupiga hodi. Mboni akaamkia shikamoo, akajibiwa marahaba kwa sauti za asali. Akasema, “Mama, nimekuja kukuambia nimekubali kupimwa. Jumatatu nitakwenda hospitali.”

Ungewaona walivyotabasamu. Bi Zabibu akamwita mwanangu.

“Lakini nitakwenda na Abdulmajidi,” akasema Mboni. “Mimi wanipime mimba, na yeye wampime damu, ule ukimwi. Majibu tusomewe wote wawili, chumba kimoja.”

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Bi Zabibu akashika kifua. “Mwanangu mimi apimwe nini? Mwanangu ni mwanamume!” Na wale wanawake wakaitikia, ndiyo, ni mwanamume, mwanamume hapimwi. Hivyo ndivyo walivyosema, kaka, watu wazima wanaofunga na kuswali. Mwanamke akaguliwe mpaka chooni, mwanamume anapita tu na suruali yake. Kinyaa nilichokipata hemani kilikuwa cha miguu tu, miguu inaoshwa.

Mboni alimgeukia Abdulmajidi. “Majidi, utakwenda?”

Abdulmajidi alikuwa anaangalia kucha ya kidole gumba. Akasema Jumatatu ana safari.

“Jumanne?”

Akasema tutaona. Akasema mambo haya yasiharakishwe. Mama yake akamgeukia. Akamwuliza mwanawe polepole, “Majidi, mbona hujibu?” Kijana akainuka akatoka kupitia uani.

Tukarudi nyumbani. Kaka, mimi simsingizii mtu ugonjwa, Mungu amwepushie. Labda ni mzima kama chuma. Nasema tu kwamba Mboni alitukanwa mji mzima, na Abdulmajidi akakaa kimya, na alipoombwa kusimama upande wa mchumba wake kwa neno moja, alikumbuka safari. Mtu huyo sitamfulia, sitampikia, na sitampa mtoto wa marehemu kaka yetu. Vitu vya posa nimevifunga vyote kwenye kanga, hakuna kilichopungua, vinasubiri neno lako tu, maana bila walii mimi ni shangazi mwenye kelele.

Barua hii nimempa Kamran, jirani yetu wa duka la vitambaa, anayepanda treni kuja huko kufuata vitenge. Nimefanya hivyo ili imtangulie Shamte, maana ameapa kukupigia simu kazini. Atakuambia nimeharibu heshima ya ukoo. Atasema Mboni ana kiburi, na kwamba watu wa Bi Zabibu wako tayari kusamehe. Msikilize mpaka mwisho, wewe una subira kuliko mimi. Kisha mwambie hapana, na niletee jibu lako kwa mkono wa Kamran huyo huyo, kwa maandishi, ili niweze kulisoma mbele yao.

Nisalimie wifi sana, mwambie ile kanga aliyoniletea naivaa mpaka majirani wamechoka. Wasalimie watoto wote, na mzee Mazengo mnayefanya naye kazi, tuliyemsindikiza pale stesheni. Shamte sikutumii salamu zake kwa sababu sikumwambia naandika.

Mboni anakuamkia shikamoo. Nilimpa kalamu aongeze maneno yake hapa chini, akakataa, akaendelea kuchambua vitunguu vyake. Baadaye akaniambia niandike hivi tu. Niandike kwamba hakuwa akimshuku Abdulmajidi hata kidogo, wala kupima kwenyewe hakuwa na haja nako. Alitaka tu kumsikia akisema ndiyo.

Mwenyezi Mungu akulinde majini na nchi kavu, akupe afya na riziki ya halali, na atukutanishe tena tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Hanifa